Kikombe Nisichokionja

Mama mkwe wangu, Mama Dezire, shikamoo huko uliko.

Hapa ni saa saba na nusu mchana, Jumamosi, na sufuria yako kubwa iko jikoni. Saa tisa watu wa kanisa wanakuja kuanua matanga yako, na mimi nimeamua kuwapikia kile kinywaji chetu cha matufaha. Dezire aliponiona namenya tangawizi alisimama mlangoni, akataka kusema neno, akalimeza. Nilimwona. Sikumwuliza. Tangu tukuzike tunapishana humu ndani kama wapangaji wawili.

Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye shahidi wangu, na shahidi mwenyewe umeondoka. Watu wanasema nimekuua, Mama. Hawasemi kwa sauti, lakini nina masikio. Mama Konsolata, mwenzako wa kwaya, aliniuliza siku ya msiba mbele ya wanawake wote waliokaa kwenye zulia hili hapa: "Nani alimupa kitu ya kunywa mara ya mwisho?" Nikasema ni mimi. Akauliza taratibu, "Na ulionja?"

Sikuonja. Niliwajibu hivyohivyo, sikuonja. Wewe unajua kwa nini sikuonja. Wao hawajui, na nikiwaeleza hawaamini. Ndiyo maana nataka tukumbushane tangu mwanzo, mimi na wewe, kabla hawajaja kugonga mlango.

Ulikuwa mwaka 2006, mwezi wa nne. Kamusi ya Dezire inasema majira haya ya hapa Sydney yanaitwa vuli. Mimi mtu wa Muheza, kule Tanga, ukinambia vuli najua mvua za mwezi wa kumi na mahindi ya kuchoma. Sasa vuli gani hii ya Pasaka, majani yanapukutika na yuniti, yaani fleti za hapa, zimejengwa kama wanaokaa ndani hawasikii baridi? Wewe na Dezire mlikuwa na mwaka na nusu Sydney, mmetoka kambi ya wakimbizi Kasulu. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Bankstown, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nilikuwa nimekutana na mwanao kwenye ibada ya Kiswahili na mambo yalikuwa yameshafika mbali, mbali kuliko ulivyojua. Kilichobaki ni wewe kuja kuniona.

Nilijitayarisha wiki nzima. Dezire alinambia hupendi chai ya maziwa, na kwamba kikohozi cha baridi ya hapa hakikuachi. Basi nikakumbuka kile kinywaji alichonifundisha bibi mmoja pale kazini: juisi ya matufaha inapashwa taratibu na viungo, haichemki, inatokota pembeni tu. Yeye alitia mdalasini peke yake. Mimi nimekulia Muheza, mdalasini nimeubandua mtini kwa mikono hii. Nikaongeza iliki, karafuu, tangawizi, ganda la chungwa na asali. Jamani, kilivyonukia! Nilifunga mlango wa jikoni kusudi harufu isitoke kabla ya wakati wake. Nilitaka ushtukie tu sinia limefika.

Na ulishtuka kweli.

Mlikuwa watatu: wewe, Dezire na Mama Konsolata. Nikatoka jikoni na vikombe vinne vimeshamiminwa, nikapiga goti, nikakupa chako kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kwetu. Nikasema, "Karibu Mama. Kunywa yote ingali ya moto, nimekutilia dawa."

Ulinitazama mikono, hukunitazama uso. Mama Konsolata akavuta mkoba wake akaupakata, kama mtu aliyeko stesheni. Dezire, masikini, alikuwa ameshainua kikombe chake. Ukamshika kifundo cha mkono.

"Dezire. Weka."

Akaweka. Mwanaume wa miaka ishirini na tisa, akaweka! Mimi bado nimepiga goti pale chini, natabasamu, sijui hata natabasamia nini. Mvuke ukatoka kwenye vikombe mpaka ukaisha. Mwishowe ukasema, "Tuombe, twende," ukaomba kwa Kirundi, kifupi, mkaondoka.

Nilivimwaga vyote vinne kwenye sinki. Niliviosha kwa hasira mpaka kimoja kikang'oka mkono. Nililia pia, sikufichi. Nilikuwa na mimba ya miezi miwili na nusu, na aliyejua ni Dezire peke yake.

Akanipigia simu Jumanne. "Mama amekataa."

"Amekataa nini? Hata jina la baba yangu hajaliuliza!"

"Neema, kwetu anayekupa kinywaji anakionja kwanza, mbele ya macho yako. Au chupa inafunguliwa unaona. Wewe ulifunga mlango. Halafu ukasema dawa."

"Dawa ya kikohozi!"

"Hukusema ya kikohozi. Ulisema dawa. Na wewe ni mtu wa Tanga."

Loh! Mama, kwetu kila kitu ni dawa: tangawizi dawa, mchaichai dawa, hata supu ya pweza dawa. Lakini Tanzania nzima msichana wa Tanga akimpikia mwanaume wanasema amemtilia limbwata, amemfunga akili, sasa atamfuata kama mbuzi wa kamba. Nimetaniwa hivyo tangu shule ya msingi na nimecheka na wanaonitania. Sikujua kwamba utani huo umefika mpaka kambini kwenu na kule haukuwa utani.

Kisha Dezire akanieleza habari za baba yake, ambazo hakuwahi kunieleza. Jirani alimkaribisha pombe ya ndizi, akanywa bila mwenye nyumba kuonja, maana walikuwa marafiki na aliona haya kumwambia onja. Siku ya tatu mkamzika. Kama ilikuwa sumu au ugonjwa, hakuna aliyepima. Wewe ulibaki na hakika yako na watoto saba, na katika hao saba akabaki Dezire.

Nilikuonea huruma, Mama, lakini nilikuwa nimekasirika pia, na hasira ilitangulia. Nikamwambia, "Sasa nionje kikombe cha mkwe? Nimtilie mate? Kwetu mkwe hata kula naye sahani moja unaona haya!" Kwetu kunywa kwenye kikombe cha mgeni ni kukosa adabu, tena kukosa adabu kwa mtu aliyelelewa na mbwa. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Siwezi kuoa mama akikataa. Nimebaki mimi tu."

"Na huyu aliyeko tumboni?"

Nikasikia anapumua kwenye simu.

Alhamisi sikwenda kazini. Nilipanda treni mpaka kwenu Fairfield na mfuko wa vitu, sijala, roho mkononi. Ukafungua mlango, ukaniona ni mimi peke yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hukuninyima, lakini hukuondoka mlangoni.

"Nimekuja kupika. Jikoni kwako, na sufuria yako. Wewe kaa utazame."

Sijui ni nini kilichokufanya unipishe. Labda hukuwahi kumwona mchawi anayejileta mwenyewe saa nne asubuhi. Ukavuta kiti hiki cha mbao, ukakiweka katikati ya jikoni, ukakaa, mikono mapajani, macho kwenye vidole vyangu.

Nikapanga vitu mezani kimoja kimoja. Chupa ya juisi, nikakupa ukague kifuniko. Ukakipitishia kidole pande zote kama karani wa forodha. Matufaha matatu, nikauma moja. Nikatafuna ganda la chungwa. Nikavunja kijiti cha mdalasini, nusu kwenye sufuria, nusu mdomoni. Nikatafuna iliki, nikatafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikalamba asali. Ukaonyesha kidole, "Na ile?"

"Mwiko ni wako, Mama."

"Ego," ukakubali kwa Kirundi.

Nikawasha moto mdogo. Tukakaa pale dakika arobaini, wewe unanitazama mimi, mimi naitazama sufuria, jasho linanitiririka kwenye baridi. Mara moja tu ulifungua kinywa.

"Karafuu sita ya nini?"

"Ndivyo nilivyozoea, Mama."

"Tano."

Nikaingiza kijiko, nikaitoa moja. Nilijua hapo umekaribia kunikubali au umekaribia kunifukuza, sikuweza kupambanua.

Nikamimina kikombe kimoja, nikakiinua mbele ya uso wako. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kunywa cha mkubwa wangu kabla yake, na nilisikia aibu mpaka masikioni. Nikapiga funda. Likashuka.

Kisha likarudi.

Nilikuwa sijala tangu jana yake, nimetafuna karafuu na mdalasini mtupu, na mimba ile, Mama, ilikuwa haitaki hata harufu ya sabuni. Nilikimbilia sinki nikatapika kila kitu. Na nikiwa nimeinama pale, nimeshika bomba kwa mikono miwili, nilijua yamekwisha. Nimekuja kumwonyesha mjane kwamba sina sumu, na funda la kwanza tu natapika mbele yake! Nikawa nasubiri ukelele. Nikawa nasubiri nisikie unaita majirani.

Nikasikia kiti kinaburuzwa. Kisha kiganja chako, kizima, mgongoni kwangu.

"Miezi ngapi?"

"Miwili na nusu."

"Ya Dezire?"

"Ya nani tena, Mama!" Hata kwenye sinki mdomo wangu haukukoma.

Ukacheka puani. Ukanifuta uso kwa ncha ya kitenge chako, ukanikalisha kwenye kiti chako mwenyewe. Kisha ukachukua kile kikombe, ukakigeuza mpaka pale nilipoweka mdomo, ukanywa umesimama mpaka chini. Nilihesabu mafunda. Ulipomaliza ukakunja uso.

"Sukari mingi," ukasema. Na ukaniita mukazana wanje. Kwetu tunasema mkazamwana. Hilo hata hukuhitaji kunitafsiria.

Tukaoana, nikahamia hapa kwako, na toka hapo nilikuonjea kila kikombe kwa miaka mitatu, iwe chai, uji au maji ya dawa. Ukahodhi kile kikombe changu kilichong'oka mkono, ukawa unakikumbatia kwa viganja viwili kupasha vidole. Nikichelewa kukupa unasema, "Funda yako ni kubwa, unanimalizia." Aibu ilinitoka siku nyingi. Ikawa ndiyo salamu yetu, funda langu kisha lako. Keza alipozaliwa nikawa namkuta amepakatwa na wewe, naye anakujibu kwa Kiingereza maneno uliyomwuliza kwa Kiswahili, na mnaelewana.

Sasa nije kwenye Jumapili ile.

Ulikuwa umevimba miguu, pumzi inakupanda. Vidonge vya moyo ulikuwa umemeza. Dezire alikuwa shifti ya kiwandani, Keza amelala mchana. Ukaniambia unasikia baridi, nikakupashia matufaha, nikaleta kikombe chako, nikakiinua mdomoni kama siku zote. Ukasema, "Acha."

"Niache nini?"

"Kuonja. Lete hivyo."

Nilibisha. Unakumbuka nilibisha? Nilisema, "Mama, hii ni desturi yako wewe, si yangu." Ukanitazama usoni, mikono hukuitazama kabisa.

"Desturi ni ya wageni. Weye ni mugeni?"

Nikakupa. Ukanywa taratibu, ukamaliza, ukanirudishia kikombe. Usiku huo nilijiona nimepewa kitu kikubwa kuliko siku ya harusi yangu. Kesho yake tukakukimbiza hospitalini, na saa tano asubuhi moyo wako ukasimama.

Daktari aliandika moyo. Dezire mwenyewe alitia sahihi. Lakini karatasi ya Kiingereza haifungi midomo ya watu, na wiki ya tatu Dezire naye akanijia. Nilikuwa naosha vyombo. Akasema nyuma yangu, kama mtu anayeuliza treni ya saa ngapi, "Siku ile, ulionja?"

Nikamweleza kila neno. Akatikisa kichwa. "Mama hawezi kusema hivyo. Mimi mwanawe, niliyebaki peke yangu, hakuwahi kunywa kwangu bila mimi kuonja. Akunywee wewe?"

Nilikuwa sijui hilo, Mama. Haki ya Mungu nilikuwa sijui. Miaka yote hiyo sikuwahi kutazama anavyokupa yeye. Na ndipo nilipoona kinachomtafuna: akinisadiki, basi mama yake alinipa mimi alichomnyima yeye. Asiponisadiki, basi analala na mwuaji. Tangu siku hiyo anajipikia chai mwenyewe. Anafunua birika, anatazama ndani, kisha anamimina. Mimi nageukia dirishani ili asijue kwamba naona.

Nimekukasirikia sana. Niliyasema makaburini kimoyomoyo na nayasema hapa: ungesubiri japo mtu mmoja awepo! Ungemngoja Dezire atoke kazini, ukasema mbele yake. Kunipa heshima ile tukiwa wawili tu, halafu ukafa! Umeniacha na zawadi nisiyoweza kumwonyesha mtu. Keza atakua akisikia nini kwa watoto wa Mama Konsolata? Kwamba mama yake alimtilia bibi yake dawa?

Sufuria inatokota. Karafuu nimezizidisha kulingana na wingi wa watu, ila nimehesabu tano kwa kila chupa. Nakwenda kupanga vikombe, nikirudi namalizia.

Nimerudi.

Nilimimina chako kwanza. Kile kisicho na mkono. Nikakiweka mezani mbele ya kiti chako, kwa sababu sikuona vipi nitawanywesha watu kwenye matanga yako na wewe huna kikombe. Dezire akaingia, amevaa koti la mazishi. Akakiona.

"Cha nani?"

"Cha Mama."

"Umeonja?"

"Hicho sijaonja. Alinikataza."

Akasimama. Keza alikuwa chumbani anaimba wimbo wake wa Kiingereza. Kisha akavuta kiti chako. Hajakikalia tangu ufe, anakizunguka. Akakaa. Akakikumbatia kikombe kwa viganja viwili, akakikodolea macho, mvuke unampanda usoni, na mimi nikaona ile Jumapili ya Bankstown imerudi yote, mimi na sinia langu chini nimepiga goti. Ila safari hii sikupiga goti.

Nikamwambia, "Kama huniamini, Dezire, weka."

Hakuweka.

Akanywa. Nilihesabu mafunda kama nilivyokuhesabia wewe. Aliponyanyua uso alikuwa ameukunja vilevile, wewe mtupu, na akasema, "Sukari nyingi." Sijawahi kumwambia kwamba ndivyo ulivyosema. Kisha akalaza kichwa kwenye meza hii akalia, kilio ambacho hakulia makaburini, na mimi nikaweka kiganja changu kizima mgongoni kwake.

Sasa nasikia watu ngazini. Sauti ya Mama Konsolata iko mbele, kama kawaida yake. Hao nitawaonjea wote, kikombe kwa kikombe, mbele ya macho yao, hata tumbo lipasuke. Wao ni wageni.

Pumzika, Mama. Kikombe chako nimekijaza tena.

Ni mimi mukazana wako, yule wa Tanga,
Neema